Dereva wa mikate agomea kiti kilichochomelewa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwanamke mfupi anapanda gari la mikate akiwa amekumbatia mito miwili. Mmoja anaukalia, wa pili anauchomeka mgongoni. Kisha anavuta wenzo wa chini ya kiti kwa nguvu zake zote. Kiti hakitikisiki.

"Unaona? Wamekipiga welding," anasema. "Kiti cha dereva! Kuna akili hapo?"

Madereva wenzake wanamwita Mama Mito. Getini wanamtania, "Mama Mito, blanketi je?" Naye hucheka. Mwandishi huyu hakucheka, maana amekikalia kiti hicho.

Gari lina madereva wawili wa zamu. Asubuhi ni yeye, mchana analipokea jamaa mrefu aitwaye Mlingoti. Kila zamu ilianza kwa kusogeza kiti, mpaka reli yake ya kutelezea ikalegea. Badala ya kununua reli mpya, msimamizi wa magari alimwita fundi wa kuchomelea akigandishe pale pale kilipo. Kilikuwa kimewekwa kwa miguu ya Mlingoti.

"Msimamizi anasema ati tunachezea kiti. Tunachezea! Miaka kumi na tisa niko barabarani, sijagonga hata kuku."

Mama Mito anaeleza dereva anavyotakiwa kukaa. Ukikanyaga breki mpaka mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Mgongo ukiwa umeegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila kujinyoosha. Kichwa nacho kiwe karibu na kiegemeo chake. Yeye hana hata kimoja. Bila mito, breki anaigusa kwa ncha ya kidole gumba. Akiweka mito, kichwa kinaelea mbali na kiegemeo, na jioni kiuno kinawaka moto.

Wiki tatu zilizopita, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alivuka barabara ghafla. Dereva akakanyaga breki. Mto wa nyuma ukachomoka, mwili ukarudi, mguu haukuifikisha breki mwisho. Gari lilisimama hatua moja tu kutoka kwa yule mama.

"Alinitukana matusi yote ya dunia hii. Nikamwambia, tukana dada yangu, una haki."

Kitabu cha ukaguzi wa gari kinauliza habari za matairi, oili, taa, honi, hata kapeti. Kiti hakimo. Kwa hiyo kila asubuhi anachora mstari wake kwa kalamu na kuandika: "Kiti hakisogei." Kila asubuhi msimamizi anaukata na kusaini chini yake: "Gari salama." Nimezipekua kurasa hizo mwenyewe, za miezi kumi na moja. Aibu tupu.

Reli mpya, kwa mujibu wa fundi wa viti, haifikii thamani ya mikate anayosambaza mama huyu kabla ya saa mbili asubuhi.

Msimamizi alipoulizwa alijibu bila kuinua macho: "Mbona mwenzake halalamiki? Kama hafiki breki, gari hili si lake." Amempa mpaka Jumatatu, aendeshe kimya au arudishe ufunguo.

Mshahara wake unalisha watu watano. Mumewe, fundi cherehani aliyekosa kazi tangu mwaka jana, alimuuliza juzi, "Mke wangu, ukiacha tutakula nini?" Alikesha.

Jibu lilianza kwa Mlingoti. Alikuja kumtafuta baada ya zamu, kofia mkononi. "Dada, nisamehe," alimwambia. "Kwangu kilikuwa sawa, nikanyamaza." Wakakubaliana: Jumatatu hakuna kati yao atakayegusa ufunguo mpaka welding ya kiti ikatwe na kiti kisogee.

Je, wakifukuzwa wote wawili?

"Watufukuze," anasema, na sauti inapanda mpaka wapakiaji wa mikate wanageuka. "Siku nikimuua mtoto wa watu, msimamizi hatapanda kizimbani, nitapanda mimi. Na kile kitabu chake kitasema gari lilikuwa salama. Hapana! Jumatatu, kama hakijakatwa, aendeshe mwenyewe."