Sahihi ya Marehemu

Mume wangu alitunza vifurushi kumi na tisa vya programu, vile vinavyounganishwa kuwa mfumo wa kuendeshea vifaa vidogo kama mita za maji. Kwa miaka kumi na miwili hakupitisha toleo jipya kabla ya kulijaribu kwenye kibao cha saketi juu ya meza yetu ya kulia. Likifaulu, ndipo aliweka jina lake chini: "Nimelipitia." Watu wa mbali, wasiowahi kumwona, waliliamini jina hilo.

Alipofariki, mdogo wake aliomba kuiendeleza kazi. Nilimkabidhi kompyuta na nywila kwa mikono yangu mwenyewe.

Kisha ikaja barua pepe ya malalamiko, iliyotumwa kwa watumiaji wote wa vifurushi na kwangu pia: kifurushi kimoja kimezima mita za mtaa mzima, na aliyekipitisha ni mume wangu. Nikatazama tarehe. Siku hiyo alikuwa na wiki sita kaburini.

Nilimwita shemeji. "Umemtilia marehemu sahihi?"

"Shemeji, mimi hawanijui. Jina la kaka halikataliwi."

"Kweli kufa kufaana. Ulikijaribu lakini?"

Akacheka. "Kaka naye alizidisha wasiwasi. Ila usiwajibu, shemeji. Aibu ya nyumba haianikwi nje."

Hayo ndiyo niliyowafundisha wanangu. Hata hivyo nilijibu, kwa wote: mume wangu alifariki mwezi Machi, na sahihi zote za baada ya hapo ni za mdogo wake. Jina la ukoo wao ni moja. Jina la mdogo wake nililiandika kamili, pamoja na la ukoo.