Randa ya Kashinje

Pale Mkuza, ukitaka mlango usiopinda, unamtafuta Kashinje. Aliingia Kibaha kutoka Usukumani akichunga ng'ombe wa watu, akajifunza useremala kwa kutazama tu, mpaka nusu ya milango ya mtaa ikawa imepita mikononi mwake. Kasoro yake moja: kwake, chombo kikizunguka ni kizima. Swichi ya mashine ya randa, kwenye karakana yake ya nyumbani, ilipokufa hakununua nyingine. Aliunga waya moja kwa moja, akawa anaiwasha na kuizima kwa soketi ya ukutani.

"Baba Ngusa, hiyo mashine itakuja kula mtu," mkewe Margareta alimwambia.

"Itamla nani? Fundi hapa ni mimi peke yangu."

Siku moja yuko katikati ya ubao, umeme ukakatika. Akasonya, akajikung'uta vumbi, akapanda bodaboda ya Zubeir hadi Masaki, huko Kisarawe, kupima milango ya mama mmoja mwenye mikorosho.

Futi kamba ikiwa mkononi, akaganda. Soketi! Aliizima? Alijaribu kuuona mkono wake ukienda ukutani, hakuuona. Na umeme ukikatika ndipo Blessing, jirani mfuga kuku, huja kuchukua maranda ya kutandika bandani. Kashinje mwenyewe ndiye aliyemzoesha: "Njoo mashine ikinyamaza." Maranda mazuri hujibana chini ya visu, na huyatoi bila kuingiza mkono.

Simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Akaomba ya Zubeir, akampigia Margareta. Ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea. Akarudia. Kimya.

"Fundi, mlango wa uani hujaupima," mwenye nyumba alisema.

"Utanisamehe mama yangu. Zubeir, washa!"

Njiani hakutulia. Mara ainuke kwenye kiti, mara amgonge Zubeir begani. "Kaza mwendo!"

"Mzee, hili ni vumbi, siyo lami. Tukianguka hapa utakuwa umemsaidia nani?"

Walipoukaribia mtaa wakapita kibanda cha kinyozi. Mashine ya kunyolea ilikuwa inalia, redio inaimba. Umeme umerudi.

Mlio wa randa aliusikia kabla hajaiona nyumba. Ilikuwa inanguruma yenyewe, haina ubao. Aliruka kutoka kwenye bodaboda haijasimama sawasawa, akakimbilia ndani, akazima soketi. Blessing alikuwa amejibanza ukutani, kiroba kimepinduka miguuni pake. Kashinje akamshika mikono, akaigeuza huku na huku. Mizima.

"Nilikuwa nafunga kiroba," Blessing alisema. "Mkono nimeutoa sasa hivi tu. Si ulisema ikinyamaza nije?"

"Nilisema."

"Haya, imenyamaza tena. Niingize mkono?"

Kashinje alichomoa plagi, akachukua koleo, akaukata vipande vipande ule waya aliouunga, asije akajishawishi kuuunga tena kesho.

Margareta akatokea mlangoni, kanga begani, ametoka msibani mtaa wa pili. Akawatazama wote wawili, kisha akatazama vipande vya waya.

"Na milango ya watu, Baba Ngusa?"

"Ingoje," alisema, na tayari alikuwa anatoka kwenda kutafuta swichi.