Kabichi ya Jirani

Jirani yangu wa Hallonbergen, huku Uswidi, nilimjua kwanza kwa harufu. Ilianza wakati wa vuli, ikawa inaingia kwa dirisha la jikoni, hata nguo zangu zikanuka chachu. Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nikapanda ngazi kwenda kugomba.

Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu, Mmarekani aliyefiwa na mkewe Mswidi. Akanionyesha mtungi wa udongo uliojaa kabichi na chumvi. Ndivyo walivyofanya kwao, alisema kwa Kiswidi, katika mji mdogo ulioanzishwa na Wajerumani, wenye kanisa moja, duka la mikate, na makaburi yenye maandishi ambayo siku hizi hakuna mwenyeji anayeweza kuyasoma. Akanipa bakuli. Nikashuka nimenywea, nikala ile kabichi na ugali, na ilikuwa tamu kweli.

Jumapili nikamwalika chakula. Kabla ya kula aliinamisha kichwa, akaimba kwa Kijerumani. Nilipigwa na butwaa. Ni tuni ile ile tunayoimba kwetu Usambara kwa Kiswahili, maana kanisa letu nalo lililetwa na Wajerumani. Nikaidaka, tukamaliza pamoja, kila mtu na maneno yake.

"Maana yake nini?" akauliza.

"Si wimbo wenu?"

"Wa bibi yangu. Mimi nilikariri tu."

Nikamweleza, na pale Kiswidi changu kilipokwama binti yangu wa miaka kumi alinisaidia. Huyo binti ndiye aliyekuwa akininyima usingizi. Nikimsemesha Kiswahili, hunijibu Kiswidi. Mama yangu akipiga simu kutoka Usambara, binti hujifungia chooni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na miaka ya kumlea mimi nilikuwa kazini.

Mzee akaendelea. Bibi yake alipozeeka sana, Kiingereza kilimtoka, kikabaki Kijerumani. Siku za mwisho alikuwa akiomba kitu. Wakamletea maji, wakamletea blanketi, wakamwita mchungaji. Kila mara alitikisa kichwa.

"Watoto na wajukuu tulijaa chumbani," alisema, "na mpaka leo sijui alitaka nini."

Niliogopa, nasema kweli. Nilimwona mama yangu kwenye kile kitanda. Binti aliendelea kuchezea wali kwenye sahani.

Jioni simu ikalia, ni mama. Kabla sijamwita binti, aliichukua mwenyewe.

"Shikamoo bibi," alisema, kisha akatafuta maneno. "Bibi, unataka nini?"

Kwetu mkubwa haulizwi hivyo. Nikanyoosha mkono niichukue simu nimwombee radhi, nikamsikia mama akicheka mpaka akakohoa.

"Nataka uongee, mjukuu wangu. Chochote tu."

Binti akaketi sakafuni, akavuta pumzi, akaanza kumweleza habari za kabichi.