Kahawa kwa Mrija

Mjukuu wangu alikuwa ameposwa na kijana wa Mabamba, na Jumamosi ile wazee wa upande wa mume walikuwa wanakuja kwetu Nyakitonto kumaliza maneno. Huku maneno hayaishi mpaka pande mbili zinywe pombe ya ndizi katika chungu kimoja, kila mzee na mrija wake. Lakini kwangu pombe haijaingia tangu nilipobatizwa.

"Babu, wakiondoka koo kavu, nitazeekea hapa hapa nikikupikia uji," mjukuu aliniambia.

"Watakunywa kahawa," nikamjibu, na sikuwa na shaka.

Ilikuwa kahawa ya shamba langu, nyuma ya nyumba. Kwa miaka mingi tuliiuza yote, sisi wenyewe tukanywa chai ya dukani. Uzeeni ndipo nilipoanza kubakiza kidogo, na namshukuru Mungu kwa kunichelewesha tu, wala hakuninyima. Niliikaanga mwenyewe kwenye kigae cha mtungi. Wengi huku huiacha iwe nyeusi kama mkaa, kisha husema kahawa ni chungu kama dawa. Mimi huiepua ikishaanza kupasuka, ingali na rangi ya udongo wetu uliolowa mvua. Mke wangu akaitwanga.

Wageni walifika, tukaomba, vikombe vikaletwa. Harufu ilijaa nyumba nzima. Hakuna aliyegusa.

Babu yake kijana alikitazama kikombe chake. "Mkwe, umetuita tuwe nyumba moja, halafu unatugawa kila mtu na kikombe chake kama wagonjwa?"

Alicheka, ila wenzake hawakucheka. Mjukuu wangu alikuwa ameshika mwimo wa mlango wa jikoni. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimejiandaa kuitetea kahawa, kumbe walichokikosa ni chungu kimoja cha kunywea pamoja.

Mke wangu alikusanya vikombe, akamwaga maji ya chungu cha kunywa, akamimina humo kahawa yote, akakiweka katikati yetu. Mirija hatukuwa nayo. Mjukuu akatoka mbio, akarudi na mabua ya majani ya mpapai, yaliyo wazi ndani.

Babu yake kijana akainama avute. Nikamshika bega. "Ngoja, mkwe, itakuunguza."

"Mlokole huyu anataka niungue ulimi nishindwe kuomba apunguze mahari!"

Safari hii walicheka wote. Tukangoja ipoe. Nikaanzisha wimbo wa kanisani, nao waliujua, tukauimba wote mpaka mwisho bila haraka. Kisha tukainamisha vichwa pamoja.

Mzee alivuta, akavuta tena.

"Imetoka wapi hii?"

"Hapo nyuma ya nyumba."

"Nimelima kahawa tangu ujana," akasema, "sikujua ina utamu."

Aliendelea kuvuta mpaka bua likakoroma kwenye mashapo ya kahawa chini ya chungu. Akafuta ndevu, akaniuliza tunataka ndoa ifungwe lini.

Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka jikoni: "Mavuno ya kahawa yakiisha tu, babu!"