Kalamu Iliyougua Kila Jumanne

Nawe nicheke tu, msomaji, maana wateja wa Kerubo wameshanicheka.

Kerubo ni fundi wa kuchonga kalamu za wino mjini Kisii. Nilipoenda kuagiza yangu alinipa njia mbili. Ya kwanza, anunue vyuma vya kalamu vilivyotengenezwa tayari kiwandani, kisha achonge mpini wa mbao tu, niondoke nayo jioni. Ya pili, achonge kila kitu kwa mkono, nami niwe nikirudi anipime vidole.

"Nirudi? Basi hiyo ya pili."

Alidhani napenda ufundi. Kumbe mimi, mwalimu mstaafu, tangu nimzike mke wangu kule Kebirigo naongea na ng'ombe, naye hunijibu kwa mkia.

Kalamu ilipokwisha, nikaanza kuitafutia ugonjwa. Jumanne hii kifuniko kinabana, Jumanne ile klipu imelegea. Kerubo anarekebisha, ananimiminia chai, tunaongea mpaka jua linashuka.

Juzi kasoro zikaniishia. Nikaingia, duka limejaa watu, nikasema kwa sauti ya darasani, "Kerubo, sasa inavuja!"

Akaifungua mbele ya wote, akapitisha kitambaa cheupe ndani. Kikatoka cheupe vilevile.

"Mwalimu, hii haijawahi kutiwa wino. Inavuja nini?"

Duka zima likaangua kicheko. Nikakosa pa kuuficha uso wangu.

Kerubo hakucheka. Alinirudishia kalamu mkononi.

"Jumanne njoo tu, Mwalimu. Hii iache nyumbani."