Msaidizi Asiye na wa Kumsaidia

Cheo chake ni msaidizi wa mwuguzi, ingawa katika wodi hii ya Weusi, hapa Élisabethville, mwuguzi wa kusaidiwa hayupo: alikwenda Ubelgiji likizo, na likizo ikamnogea. Basi msaidizi hufunga vidonda, huchoma sindano, hutuliza wanaolia, kisha hunusa dawa vidoleni mwake kama mpishi anusaye viungo. Kila mwaka huomba ruhusa akafanye mtihani wa diploma. Kila mwaka Masere, mtawa mkuu wa wodi, humjibu kwa upole mzee huyo mwenye mvi: “Mutoto yangu, ukienda, bagonjwa batabakia na nani? Ngojea mwaka kesho.” Heshima iliyoje! Anahitajika mno hata hawezi kupandishwa cheo.

Leo asubuhi, akiwa ametoka kujibiwa hivyo tena, alikwenda kumfunga mguu Kunda, mchimba shaba wa Kipushi.

“Aksanti sana, docteur,” Kunda alisema.

Msaidizi alishtuka, akageuka kutazama mlangoni. Masere hakuwako. Akainama, akijifanya anakaza bendeji.

“Sikusikia muzuri, baba,” akanong’ona. “Sema tena.”