Muvumu kwenye Kisahani

Rafiki yangu, binti yangu amenifungia geti, kisha akaniletea mti wa kunituliza. Ni muvumu kamili, ule mti wetu mkubwa wa kivuli, mpaka makunyanzi ya gome, lakini umesimama kwenye kisahani. Anauita bonsai.

"Bon, Mama, sasa uko na muti yako hapa hapa. Usitoke tena."

Miti naijua. Baba yangu alinyoa miti kwenye nyumba za wazungu kando ya ziwa, hapa Gisenyi. Nani alishika ngazi? Mimi. Wenzangu walipita na madaftari yao wakinichokoza: "We, umeota mizizi?" Hata jiwe sikuweza kuwarushia. Nikiachia ngazi, baba anaanguka. Utomvu mweupe ulinidondokea, ukakauka kwenye nywele kama gundi, miguu ikafa ganzi. Shule ilinipita hivyo hivyo.

Siku moja mama mwenye nyumba aliagiza muvumu mkubwa unyolewe uwe na umbo la tembo. Baba hakuwa amewahi kumwona tembo. Akaambiwa: ana mkonga, ana pembe mbili ndefu. Mnyarwanda ukimwambia pembe, ataziweka wapi? Juu ya kichwa! Zikapanda angani kama za inyambo, ng'ombe wetu wa kifalme. Mama yule alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Baba hakucheka. "Madame, munyama wa pembe namujua mimi." Zikabaki. Watu walitoka mbali, hata Mahoko, kuja kuzitazama, na mimi nimeshika ngazi, kifua mbele.

Baba alikuwa na sheria moja: nyoa kichwa, usiguse miguu, yaani mizizi. Hiki kimti cha kisahani nimekifukua kidogo kwa kidole. Kazi safi, aliyekifanya ana mkono wa fundi. Lakini mizizi imekatwa kama kucha.

Nyumba ile iliuzwa, tembo wetu akakatwa, wenye nyumba wapya wakapanga mawe ya njia juu yake. Majuzi nilipita pale, jiwe moja limeinuka, nikajikwaa, nikavunjika mkono. Ndiyo sababu ya kufungiwa geti. Nilipotazama chini, nikauona: mzizi wake, mnene kama paja langu. Nilicheka nikilia.

Kila asubuhi naomba ufunguo nikauone tena.

"Mama, kwanza umenywesha muti yako?"

Nimeunywesha. Baba hayuko, ngazi haiko, pembe haziko. Miguu tu ndiyo bado inatembea chini ya mawe yao, na mimi niko hapa nyuma ya geti, kwa mkono mmoja mzima, nashika kisahani kisianguke.